Kumhifadhi marehemu jinsi alivyokuwa: mwongozo kamili kwa wafiwa

Sikiliza wasifu unaosomwa mazishini, iwe Bombo, Busia au Kawempe nchini Uganda, utamkuta marehemu yuleyule. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, alipenda watu wote, alikuwa mcha Mungu na nguzo ya familia. Badilisha jina na tarehe, karatasi hiyohiyo itamfaa jirani. Wiki moja baadaye, jikoni, mtu anamwigiza marehemu alivyokuwa akihesabu chenji huku akilamba kidole, na watu wanacheka hadi machozi. Huyo wa jikoni ndiye mwenyewe. Ndiye pia anayepotea kwanza, maana hakuna aliyemwandika.

Mwongozo huu unamhusu huyo wa jikoni. Kazi yenyewe huchukua kama siku 40, haihitaji pesa nyingi, na huharibika kwa makosa machache yanayojirudia msiba hadi msiba.

Nani aifanye

Achaguliwe mtu mmoja. Asiwe mjane, asiwe mtoto mkubwa, na asiwe mrithi. Mjane ana mzigo wake. Mtoto mkubwa huwa anataka baba aonekane vizuri. Mrithi ana tatizo jingine: kwa Waganda, yaani watu wa Buganda, katika okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba, mrithi huvishwa vazi la magome ya mti wa mutuba, hukabidhiwa mkuki, na tangu siku hiyo watoto wa marehemu humwita baba. Amekalia kiti. Ndiyo maana masimulizi yake huwa mazito kuliko ya wengine, na watu huona haya kumsahihisha. Afaaye ni mpwa, mkwe, au rafiki wa familia anayeandika vizuri na anayejua kunyamaza.

Apewe daftari la kurasa 96, kadi ngumu kama 60 (au karatasi nene zilizokatwa), penseli laini, bahasha kumi za kaki na simu yenye nafasi ya kutosha.

Siku tatu za kwanza: linda vitu, usiulize maswali

Wafiwa hawajawa tayari kuulizwa chochote. Kwa Waislamu mazishi mara nyingi ni siku hiyohiyo au kesho yake, hivyo hata nafasi ya kuuliza haipo. Kazi yote inaangukia matangani na kuelekea arobaini. Lakini vitu havisubiri. Kabla maiti haijatoka nyumbani shangazi fulani ameshafua nguo, kijana ameshachukua viatu, na mtoto wa jirani ameshaanza kuchezea simu.

Weka kando vitu vitano tu, ukimwambia mkuu wa familia kwamba si urithi unaochukua bali unavitunza: simu, daftari la biashara au la madeni, nguo moja isiyofuliwa, kitu alichokishika kila siku (mizani, cherehani, rozari, tasbihi, kisu cha matooke, yaani ndizi za kupika), na picha zote zilizo ukutani na kwenye albamu. Nguo iingie bahasha ya kaki, si kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Kaveera hushika unyevu, na baada ya wiki chache utafungua ukute ukungu badala ya harufu ya mtu wako.

Simu iwekwe kwenye chaji na isizimwe. Usibahatishe namba ya siri. Ukikosea mara nyingi inajifunga, na fundi wa mtaani akiifungua kwa kuifuta yote mmepoteza kila kitu. Pesa zilizo kwenye simu ni sehemu ya urithi, zifuate utaratibu wa urithi hata kama mtoto anajua namba ya siri.

Kuna daftari jingine watu hulisahau: la mabugo, yaani la rambirambi. Neno lenyewe linatokana na magome, kwa sababu zamani watu walileta vitambaa vya magome vya kumfungia marehemu. Siku hizi wanaleta pesa, na karani anaandika jina na kiasi. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa jioni ya mazishi, kabla halijachukuliwa na mweka hazina. Wewe hutafuti kiasi, unatafuta majina usiyoyajua. Mtu aliyetoka Mbale kwa basi la usiku kuja kutoa shilingi 5,000 ana jambo la kusimulia ambalo ndugu hawalijui.

Kwenye mazishi mengi Uganda kuna pia dakika ile mtu anaposimama kuuliza nani anamdai marehemu na nani anadaiwa. Andika wanaosimama. Mdai na mdaiwa wanamjua mtu kwa upande ambao watoto hawakuuona.

Sauti: ndani ya siku 120

Hili lina muda wake, kwa hiyo lifanyike mapema. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na kampuni ya simu, na namba inaweza kupewa mtu mwingine kabisa.

Watu wengi hupambana na simu ya marehemu wakati sauti yake iko mikononi mwao. Ujumbe wa sauti aliowatumia umo kwenye simu zenu. Kila ndugu afungue mazungumzo yake na marehemu, aende kwenye menyu, achague kuhamisha mazungumzo pamoja na picha na sauti, kisha alitume faili hilo kwenye barua pepe moja ya familia. Usinakili folda nzima ya sauti. Kwenye simu za Android faili hizo huanza na herufi PTT zikifuatwa na tarehe, lakini hazisemi nani alizungumza. Utapata sauti 900 za watu 40 zikiwa zimechanganyika. Ukihamisha mazungumzo, jina la mzungumzaji linakaa kando ya kila faili.

Kama marehemu alikuwa ameweka wimbo anaousikia mtu akimpigia, mpigie kwa simu moja ukiwa umefungua spika, rekodi kwa nyingine. Laini ikikatwa, wimbo huo unakwenda nao, na hakuna atakayekumbuka ulikuwa upi.

Orodha ya watu

Lenga watu 12, wasiozidi watano wawe ndugu. Waliobaki watoke mahali alipokuwa akiishi mchana wake: mwenzake wa kibanda cha pili sokoni, bodaboda wa steji aliyempeleka kazini, mtu wa safu yake msikitini au mama wa kwaya yake, mpangaji, fundi, aliyemkopesha, aliyegombana naye.

Kwa Uganda angalia pia lugha. Mtu mmoja anaweza kuwa amezungumza Kiswahili kwenye kambi ya jeshi, Luganda dukani, na Kilugbara na mama yake, na huyo si mtu mmoja kwa tabia. Kambini alikuwa mkali wa amri, dukani mtani, kwa mama yake mtoto wa mwisho. Ukiwahoji wote kwa Kiswahili utapata mtu wa kambini peke yake. Mhoji kila mmoja kwa lugha aliyozungumza na marehemu, na misemo yake iandikwe kama alivyoitamka, tafsiri iwekwe chini.

Majina nayo yakusanywe yote, kwa kuwa kila jina lina mlango wake. Jina la kitambulisho, la ukoo, la utani, la mtoto wake wa kwanza, “Mama Fulani”. Kama alizaa pacha alikuwa Ssalongo au Nnalongo, na wapo ambao hawakuwahi kumwita vinginevyo. Kwa Watooro na Wanyoro kuna empaako, jina moja kati ya kumi na mbili hivi kama Akiiki, Amooti, Abwooli au Adyeri, la kumwita mtu kwa heshima na mapenzi. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka mila hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Uliza nani alimwita nini, na wakati gani. Mke aliyemwita Apuuli siku zote na kumwita kwa jina la ubatizo akiwa amekasirika tu, amekupa nusu ya ndoa kwa maneno mawili.

Maswali yanayofungua na yanayofunga

“Alikuwa mtu wa namna gani?” Usiulize hili. Jibu lake linajulikana: mtu mzuri, mtu wa watu. Si uongo, ila ni mlango uliofungwa kwa adabu. Uliza kinachoonekana, kinachosikika na kinachonusika:

- Alibishaje hodi? Ulijuaje ni yeye kabla hajasema?
- Akianza kukasirika, kitu gani kilibadilika kwanza: sauti, mikono, au alinyamaza?
- Alikula nini akiwa peke yake? Matooke aliyapenda na mchuzi gani, na alikataa kipi?
- Neno gani alilisema kila siku mpaka mkachoka?
- Mara ya mwisho mlipokosana ilikuwa juu ya nini? Nani alianza kusalimia?
- Alificha wapi pesa?
- Alimwogopa nani?
- Kitu gani alikifanya vibaya na hakukubali kufundishwa?

Swali la mwisho huleta kicheko, na baada ya kicheko watu husema kweli. Liweke katikati ya mazungumzo, si mwanzoni. Ukiwa na kitu chake mkononi, hasa kile alichokishika kila siku, mpe msimulizi akishike. Mtu akishika mizani ya marehemu mikono yake huanza kuigiza kabla mdomo haujafunguka, na hapo unaandika mikono.

Usimalizie sentensi ya mtu. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wengi huvunja ukimya kwenye tatu, na jambo lenyewe lilikuwa linakuja kwenye saba.

Kurekodi

Omba ruhusa kwanza, na ruhusa isikike ndani ya rekodi. Weka simu katika hali ya ndegeni, kwa kuwa simu ikiingia hukata rekodi na hutajua hadi umefika nyumbani. Iweke sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kanga iliyokunjwa, si juu ya meza tupu, maana kila kikombe kikiguswa kitasikika kama ngoma. Zima redio. Epuka nyumba ya mabati saa za mvua. Rekodi sekunde kumi, sikiliza, ndipo uanze: taja tarehe, mahali, jina lako na la msimulizi. Dakika 40 zinatosha; zaidi ya hapo watu huanza kurudia.

Kuiandika saa moja ya sauti neno kwa neno huchukua saa nne hadi sita, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuacha kazi yote. Usiandike yote. Tengeneza faharasa: dakika ya 3, alivyopika, ya 11, ugomvi wa shamba, ya 27, wimbo. Kisha andika kikamilifu sehemu tatu au nne zenye uhai.

Kadi

Kila jambo moja, kadi moja. Hapa mfuate utaratibu ambao Waislamu wanaujua kwa wapokezi wa hadithi za Mtume: nani kasema, kasikia kwa nani, alikuwepo? Mfano wa kadi iliyokamilika:

*Kadi 14. Msimulizi: mwenzake wa kibanda cha pili, soko la Owino, Kampala. Aliona mwenyewe. Kila Ijumaa alifunga kibanda saa sita kasorobo, lakini mizani aliiacha nje. Mteja alijipimia na kuacha pesa chini ya jiwe la kilo mbili. Pesa zikipungua hakuuliza. Zikizidi, alimtafuta mtu Jumamosi nzima. Kadi 31 inapinga.*

Na kadi 31 inasema, kwa mfano, kwamba kwa mkewe alikuwa akihesabu kila shilingi mia ya sabuni. Usizipatanishe wala usichague. Zibane kwa pini moja. Mtu aliyewaamini wateja na kumhesabia mke sabuni ni mtu kamili. Ukiondoa kadi moja unabaki na picha ya ukutani.

Jambo lililosemwa na watu watatu wasiotoka nyumba moja lichukuliwe kuwa ni tabia yake. La mtu mmoja linabaki kuwa la huyo mtu, nalo huandikwa hivyo: “Kwa bodaboda wake, alikuwa…” Jihadhari na masimulizi mazuri mno. Likisimuliwa kwa maneno yaleyale na watu wanne, mara nyingi limetoka kinywani mwa mmoja usiku wa kwanza wa matanga.

Kuandika wasifu

Kwa msomaji asiyekimbia, maneno 500 ni kama dakika tano. Mshereheshaji atakupa hizo, au pungufu, kwa sababu mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na wanasiasa wanataka zao. Tarehe, shule na vyeo vyote viende kwenye karatasi ya ratiba ambapo watu watajisomea. Maneno yako 500 yagawe hivi: 60 za kumwonyesha akifanya kitu, 60 za majina yake na nani alimwita nini, 300 za matukio matatu kutoka vipindi vitatu vya maisha, na 80 za mwisho kwa jambo moja aliloshindwa nalo.

Kila sentensi ya sifa ipimwe: je, inamfaa jirani? Ikimfaa, ifute na utafute tendo. “Alikuwa mkarimu” inamfaa kila mtu. Linganisha na hii: “Mgeni akikuta sufuria imeisha, mtoto alitumwa steji kuleta rolex (chapati ya mayai) mbili, na yeye alikaa mlangoni akiongea mambo ya mvua ili mgeni asipate nafasi ya kuaga.” Ukarimu umo, tena umo na ujanja wake.

Ugonjwa wa mwisho usizidi sehemu ya kumi ya maandishi. Miezi mitatu ya hospitali ya Mulago isimeze miaka 60. Waliomuuguza watakuwa na mengi ya kusema na ni haki yao. Wasikilize, rekodi, lakini weka kwenye bahasha yake.

Kasoro na siri

“Marehemu hasemwi vibaya,” utaambiwa. Ni kweli kwamba Uislamu umekataza kuwatukana wafu, na Wakristo hawafurahii pia. Lakini kutotukana si kubuni. Tofauti ni hii: tusi ni hukumu, kasoro ni tendo lenye mipaka yake. “Alikuwa mlevi” ni hukumu. “Mwisho wa mwezi watoto walijua wasimngoje kabla ya saa nne usiku, na ada ya shule mama aliichukua kwake asubuhi akiwa bado amelala” ni tendo, na aliyeishi nyumba hiyo ataitikia kwa kichwa.

Siri zinazomgusa aliye hai si zako kuzitoa: hali ya afya ya mjane, baba wa mtoto, kesi ambayo haijaisha. Ziandikwe zikihitajika, zifungwe ndani ya bahasha, isainiwe kwenye mfuniko na watu wawili wa pande mbili za familia.

Orodha ya watoto ndiyo huvunja misiba mingi. Jina moja likiachwa, ugomvi utaanzia kaburini. Majina yawe yote yaliyothibitishwa na wazee wa pande zote, au pasiwe na jina wala idadi: “ameacha watoto na wajukuu” inatosha siku ile.

Kama mtu bado yu hai

Basi anza sasa, pamoja naye. Uganda ina uzoefu mkubwa hapa. Katika miaka ya 1990, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza wazazi na dawa hazipatikani kwa wengi, wanawake wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU, walieneza vitabu vya kumbukumbu: mzazi anaandika na mtoto wake kuhusu ukoo, alivyozaliwa, maneno yake ya kwanza, na anachomtakia. Vilivyofaa zaidi ni vile vilivyoandikwa na mtoto akiwa amekaa pembeni, akiuliza na kuchora. Kilichoandikwa kwa siri na kuachwa kabatini kilimfikia mtoto kama barua ya mgeni.

Kurasa 20 zinatosha. Ukurasa mmoja, jambo moja, dakika 20 kwa siku, na mgonjwa akichoka mnaacha katikati ya sentensi. Mwandiko wake ubaki hata ukitetemeka; usiupige chapa upya kisha ukatupa asili. Mfanye pia aandike vitu vidogo ambavyo hakuna atakayeuliza: vipimo vya mchuzi wake wa njugu, anavyofunga gomesi (vazi refu la kike), sababu ya kumchukia paka.

Kutunza

Picha za kawaida ziskaniwe kwa dpi 300, za pasipoti kwa 600. Kama hakuna skana karibu, zipige kwa simu nje kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba na picha. Piga na nyuma yake: muhuri wa studio hutaja mji na mara nyingine mwaka. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino, ambayo hutokeza upande wa sura. Picha iliyogandia kioo cha fremu usiibandue. Ipige ikiwa humohumo. Laminesheni iepukwe, madhara ya joto lake hayarudishwi nyuma. Sanduku lisikae sakafuni kwa sababu ya mchwa, wala darini chini ya mabati.

Nakala ziwe tatu, nyumba mbili tofauti, na moja mtandaoni. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kubwa ya makaburi ya Kabaka (wafalme wa Buganda) wanne kule Kasubi, Kampala, iliteketea kwa usiku mmoja, ikiwa tayari ni urithi wa dunia tangu 2001. Iliwezekana kuijenga tena kwa kuwa namna ya kuijenga na kuiezeka ilikuwa vichwani na mikononi mwa watu walio hai. Kwa hiyo nakala ya nne ni mtu: mpe kijana mmoja wa familia kadi zote azisome kwa sauti mara moja, mbele ya wale waliozisimulia, wamkatize pale anapokosea.

Wakati mzuri wa kuzisoma kadi hizo ni usiku wa kuamkia arobaini, au siku ya lumbe, baada ya chakula, wageni wakubwa wakishaondoka. Acha kurasa kumi tupu mwishoni mwa daftari na ufunge penseli kwa uzi kwenye jalada. Anayeongeza aandike tarehe na jina lake, na asifute cha mwenzake.